Tumanina ya Mtoto

Kutoka nyumbani kwetu hadi chuoni, hapa mjini Chake Chake, ni mwendo wa dakika 7 kwa mtu mzima aliyeshughulika, na wa nusu saa kwa mjukuu wangu wa miaka minne, nami kwa muda mrefu nilizihesabu zile dakika za ziada kuwa ni hasara, nikimvuta mkono na kumtajia mwalimu wake ili afanye hima, hata siku moja ya msimu wa karafuu aliponisimamisha mbele ya jamvi la karafuu lililotandazwa kando ya njia, akachutama, akaniambia: "Babu, ngoja kwanza. Huyu anahama."

Aliyekuwa akihama ni sisimizi, amebeba kipande cha konyo kilichomzidi kimo mara kadhaa, akikatiza juu ya karafuu kama mtu avukaye milima. Sisi Wapemba karafuu twaijua kwa jasho: twajua kwamba huchumwa ingali tumba, inapoanza kuacha ukijani na kuwa nyekundu, kwani ikishachanua thamani yake imekwisha, kwamba huchambuliwa makonyo, ikaanikwa juani siku kadhaa hata ikawa kahawia, na kwamba wingu moja tu likitanda, nyumba nzima hutoka mbio kuianua. Lakini mtoto aliokota moja, akaiweka kiganjani mwangu, akaniuliza kwa nini ina meno manne na mpira katikati. Nikatazama. Nimeanika karafuu tangu utotoni, na meno yale sikuwahi kuyahesabu.

Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na wengi wetu katika mwambao huu, wameiweka tumanina miongoni mwa nguzo za sala, yaani viungo vitulie katika rukuu na sijida walau kwa kadiri ya kutamka subhanallah. Na habari ni mashuhuri ya yule mtu aliyesali upesi upesi katika msikiti wa Madina, Mtume akamrudisha mara tatu akasali tena, kwani ile aliyoisali haikuwa sala. Sisemi kwamba mtoto wa miaka minne ana ilimu ya jambo hili. Sala yenyewe haamrishwi mpaka atimize miaka saba. Ila ule utulivu ambao sisi twautafuta kwa jitihada, na aghalabu twaukosa kwa kuwa nyoyo zetu zimekwisha kutoka msikitini kabla ya salamu, yeye anao njiani, mbele ya jamvi.

Na iko habari nyingine, aliyoipokea Nasai kutoka kwa Shaddad bin Alhad, ambayo ningependa kila mzazi mwenye haraka aizingatie. Mtume aliwasalisha watu naye amekuja na mjukuu wake, Hasan au Husein, kisha akarefusha sijida moja hata maamuma wakadhani limemfika jambo, au wahyi unamshukia. Walipomuuliza akawaeleza kuwa halikuwa lolote katika hayo: mtoto alimpanda mgongoni, naye akachukia kumharakisha kabla hajatosheka. Safu zote zile za watu wazima, mapaji ya nyuso zao yakiwa chini, zilimngoja mtoto mmoja amalize mchezo wake, wala sijida yao haikupungua kwa kungoja huko, bali ilirefuka.

Nilikuwa katika kuyawaza hayo wingu lilipojitokeza upande wa bahari, na bibi mwenye karafuu akatoka uani amejifunga kibwebwe, akashika pembe ya jamvi tayari kulikunja. Mjukuu wangu akainua mkono.

"Bibi, ngoja kwanza, hajafika."

"Nani hajafika, mwanangu?"

Akamwonesha. Nikakumbuka Suratul Naml, ambamo chungu huwahimiza wenziwe waingie majumbani mwao wasije wakapondwa na majeshi ya Suleimani, na Suleimani, mwenye majeshi yote yale, akasikia, akatabasamu. Bibi yule alilitazama wingu, akamtazama sisimizi, ambaye alikuwa amebakiwa na kama shubiri mbili kufika ukingoni. Kisha akaishusha ile pembe taratibu, akachutama kando ya mtoto, nami nikachutama.