Sungura mzee akigoma kula, usingoje kesho

Na Mwandishi Wetu

ASUBUHI ya Jumamosi moja ya Februari 2024, binti wa mwandishi wa makala haya aliingia jikoni akiwa ameshika bakuli la matembele ambalo halikuwa limeguswa. Alisema maneno machache tu: "Baba, Pamba hajala tangu jana."

Pamba alikuwa sungura dume mweupe, aliyeletwa nyumbani kwetu Tabata, jijini Dar es Salaam, mwaka 2016 akiwa na ukubwa wa ngumi ya mtu mzima. Siku hiyo ya Jumamosi alikuwa ametimiza miaka minane. Sungura anayetunzwa vema huishi kati ya miaka 8 na 12, hivyo huo ni uzee usio na ubishi. Mtoto aliyelishika bakuli lile alikuwa na miaka tisa, na hakuwa na kumbukumbu ya nyumba isiyokuwa na Pamba.

Jirani mmoja, kwa nia njema kabisa, alishauri mnyama achinjwe kabla hajakonda tukakosa hata mchuzi. Ushauri huo si wa ajabu mjini kwetu. Kwa watu wengi sungura ni kitoweo, na gharama ya kumwita daktari wa mifugo inaweza kuzidi bei ya kununua sungura mwingine. Hata hivyo, zipo nyumba ambamo mnyama huyu ana jina, na makala haya yameandikwa kwa ajili ya nyumba hizo.

Jibu ambalo mtoto yule alipewa lilikuwa la kosa. Aliambiwa amwache Pamba apumzike, kwani hata mtu mzima hukosa hamu ya kula siku moja na kesho yake akaamka salama. Kwa binadamu sawa, na pengine kwa mbwa. Kwa sungura, kusubiri kesho ndiko kunakoua.

Tumbo lisilojua kupumzika

Ili kuelewa sababu, yafaa kujua jinsi mnyama huyu anavyomeng'enya chakula. Sungura huishi kwa majani, na majani yana nyuzinyuzi nyingi na virutubisho haba. Kwa hiyo mwili wake umeumbwa kula kidogo kidogo mchana na usiku, na utumbo wake hauna budi kuwa katika mwendo saa zote. Tumbo la sungura mzima halibaki tupu kabisa hata siku moja.

Pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana, sungura ana mfuko mkubwa ambao wataalamu huuita sekamu. Mfuko huo huchukua takriban asilimia 40 ya njia nzima ya chakula, na ndani yake wamo bakteria wanaochachusha majani. Matokeo ya kazi yao hutoka kama kinyesi laini, kinachong'aa, chenye umbo la kishada, ambacho sungura hukila moja kwa moja kutoka mwilini mwake. Wafugaji wapya hushtuka wanapoona jambo hilo wakidhani ni uchafu au ugonjwa. Kwa kweli ni mlo wake wa pili, na humpatia protini na vitamini za kundi B.

Sasa chukulia kuwa mnyama huyo ameacha kula. Nyuzinyuzi zinazousukuma utumbo zinakosekana, mwendo unapungua, na kilichomo tumboni kinaanza kukauka. Uwiano wa bakteria unavurugika na gesi inajaa. Gesi huleta maumivu, na maumivu humfanya akatae chakula zaidi. Wakati huohuo mwili huanza kuvuta mafuta yake wenyewe ili upate nguvu, na mafuta hayo hulimbikizana katika ini hadi likashindwa kufanya kazi. Tena sungura hawezi kutapika. Msuli unaofunga mlango wa juu wa tumbo lake ni imara kiasi kwamba kilichoingia hakirudi kilikotoka.

Ndiyo maana madaktari wa mifugo huhesabu saa, si siku. Sungura ambaye hajala wala kutoa kinyesi kwa muda wa saa 10 hadi 12 ni mgonjwa wa dharura, na aliyezeeka ana akiba ndogo zaidi ya kumvusha.

Kugoma kula ni dalili

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba kukosa hamu ya kula karibu siku zote kuna sababu nyuma yake. Sungura ni windo la wanyama wengine, na windo linaloonyesha udhaifu huliwa kwanza. Hivyo huficha maumivu mpaka asiweze tena. Anayekaa amejikunyata pembeni, macho yakiwa nusu wazi, akisaga meno kwa sauti na kutotaka kuguswa tumbo, huyo anaumwa, hata kama hatoi mlio wowote.

Kwa sungura mzee, mshukiwa wa kwanza ni meno. Sungura ana meno 28, na yote hukua maisha yake yote. Yale ya mbele hukua takriban milimita 2 kwa wiki. Yanayoyapunguza ni kutafuna nyasi ngumu kwa kusaga huku na huku. Anayelishwa pumba, mkate na mabaki ya ugali hatafuni vya kutosha, na magego yake huota ncha kali zinazochoma ulimi au shavu. Dalili zake ni mate kulowesha kidevu, kukichukua chakula mdomoni kisha kukiangusha, au kuchagua vitu laini tu.

Mshukiwa wa pili ni viungo. Sungura mwenye baridi yabisi hushindwa kujipinda ili ale kile kinyesi laini au ajisafishe. Manyoya ya nyuma huchafuka, na katika joto letu nzi hawachelewi: hutaga mayai hapo, na funza huweza kuanza kumla mnyama angali hai ndani ya siku moja. Kila siku, bila kukosa, mgeuze kwa upole umtazame nyuma.

Figo nazo huchoka, na dalili yake ni kunywa maji mengi na kukonda. Kwa majike wasioondolewa kizazi, saratani ya mfuko wa uzazi ni ya kawaida baada ya umri wa miaka minne. Mkojo mweupe kama maziwa yaliyochujuka, kwa upande mwingine, usikutie hofu peke yake, kwa kuwa sungura hutoa madini ya kalsiamu ya ziada kwa njia ya mkojo.

Halafu kuna joto. Sungura mjanja wa hadithi za bibi zetu, yule aliyemchezea shere fisi, ni sungura wa porini asiyechimba shimo. Huyu wa kufugwa asili yake ni rasi ya Iberia, yaani Hispania na Ureno za leo, ambako hukimbilia chini ya ardhi jua linapokuwa kali. Hatoi jasho kama sisi. Joto likivuka nyuzi 30 katika chumba kisicho na hewa, huweza kuzidiwa na kufa, na Dar es Salaam hufikia joto hilo kwa miezi kadhaa ya mwaka. Chupa ya maji yaliyogandishwa ikazungushiwa kitambaa na kuwekwa ubavuni pake husaidia sana. Usimtumbukize kwenye maji baridi. Mshtuko wake unaweza kumuua.

Lakini Jumamosi ile masikio ya Pamba yalikuwa ya baridi, katikati ya joto la Februari. Hiyo ni ishara mbaya zaidi. Joto la kawaida la mwili wa sungura ni nyuzi 38.5 hadi 40, na linaposhuka chini ya 38 ina maana mwili unashindwa. Mgonjwa wa namna hiyo hupashwa moto kwanza, kwa chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa taulo, akiwa njiani kwenda kwa daktari.

Kosa la dukani

Hapo ndipo mwandishi alipofanya kosa la pili. Badala ya kumtafuta daktari alikimbilia duka la dawa za mifugo, akauziwa dawa ya unga ya kuchanganya na maji aliyoambiwa hutibu "matumbo ya wanyama wote". Ilikuwa amoksilini.

Kwa bahati, kabla ya kuitumia alipata simu ya daktari wa mifugo, ambaye alimwamuru aiweke kando mara moja. Amoksilini, ampisilini na dawa nyingine za jamii ya penisilini, pamoja na klindamaisini na linkomaisini, zikipitia mdomoni huua bakteria wema wa sungura na kuacha nafasi kwa wale watoao sumu. Dawa inayomponya mtoto wa nyumbani inaweza kumuua sungura wake. Vivyo hivyo, dawa za maumivu za binadamu zisitolewe kwa kukisia. Zipo za kumfaa, na hukadiriwa kwa uzito wake.

Daktari alimpima Pamba: kilo 1.8, wakati miezi michache nyuma alikuwa na kilo 2.1. Hakuna aliyekuwa ameona, kwa sababu manyoya huficha. Alipoangaza taa mdomoni, alikuta gego la chini limeota ncha na kuchana ulimi. Pamba hakuwa amekosa hamu hata kidogo. Alikuwa anashindwa kutafuna.

Alipewa dawa ya maumivu, maji chini ya ngozi, na ratiba ya kulishwa nyumbani hadi apate nguvu ya kustahimili dawa ya usingizi, ndipo gego lisagwe.

Kumlisha kwa bomba

Kumlisha sungura mgonjwa si kazi ngumu, lakini ina masharti, na la kwanza ni kuhakikisha utumbo haujaziba. Tumbo lililovimba ghafla na kuwa gumu kama ngoma, huku mnyama akilegea, ni dalili ya kuziba. Huyo halishwi chochote. Apelekwe kwa daktari saa hiyohiyo, iwe mchana au usiku.

Daktari akisharuhusu, kipo chakula maalumu cha unga cha sungura wagonjwa, ingawa kwetu si rahisi kukipata. Sisi tuliloweka punje za chakula cha kawaida cha sungura katika maji ya uvuguvugu mpaka zikawa uji, tukaupitisha kwenye chujio ili usizibe bomba. Maziwa, sukari na uji wa mahindi havifai.

Bomba linalotumika ni lile la sindano, sindano yenyewe ikiwa imeondolewa. Sungura hufungwa kwa taulo, miguu yote minne ikiwa chini. Asilazwe chali hata mara moja. Ncha ya bomba huingizwa pembeni mwa mdomo, kwenye pengo lililo nyuma ya meno ya mbele, na uji husukumwa kidogo kidogo, usiozidi mililita 1 kwa mara, kisha unamsubiri atafune na kumeza. Ukiharakisha, uji huingia mapafuni. Kiasi cha kawaida ni mililita 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito katika mlo mmoja, kila baada ya saa sita hadi nane, kadiri daktari atakavyoelekeza. Maji safi yawepo katika bakuli zito badala ya chupa ya kunyonya, kwa kuwa mzee mwenye shingo inayouma hunywa kwa urahisi zaidi akiwa ameinama.

Kando yake pawepo nyasi mbichi za ukoka, majani ya giligilani au chochote chenye harufu aliyoizoea, ili akijisikia aanze mwenyewe. Pamba alikataa vyote siku mbili. Binti aliamka kumlisha saa kumi na moja alfajiri kabla ya kwenda shule, akaandika kila kitu katika daftari: saa, mililita, kinyesi. Safu ya kinyesi ilikuwa na sifuri tano mfululizo.

Kinyesi ndicho kipimo cha kweli. Sungura mzima hutoa punje kama 200 hadi 300 kwa siku, za mviringo, zenye ukubwa wa dengu. Zinapokuwa ndogo na kavu, au zikikoma, utumbo umesimama, hata kama mnyama anaonekana mchangamfu. Jumatatu jioni daftari liliandikwa "4, ndogo sana". Jumanne zilikuwa 31. Gego lilisagwa Alhamisi, na Ijumaa alinyakua jani la giligilani mkononi mwa mtoto.

Tangu hapo mkate na pumba vilipigwa marufuku, robota la nyasi kavu likanunuliwa, na Pamba akapimwa uzito kila Jumapili kwenye mizani ya jikoni. Akipungua asilimia 10 hapakuwa na mjadala, ni kwa daktari. Gego lilirudi kuota, likasagwa mara mbili zaidi.

Swali la mwisho ndilo gumu kuliko bomba: ni lini mtu aache? Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 imempa mwenye mnyama wajibu wa kumkinga na mateso yasiyo ya lazima. Daktari yule alitupa maswali matatu ya kujiuliza kila wiki. Je, anakula mwenyewe walau chakula kimoja alichokuwa akikipenda? Je, anaweza kujisogeza akaondoka penye mkojo wake? Je, siku njema bado ni nyingi kuliko mbaya?

Kwa miezi 14 majibu yalikuwa ndiyo. Aprili 2025 figo zilishindwa, na katika wiki moja majibu yote matatu yakawa hapana. Daktari alikuja nyumbani, akamchoma kwanza sindano ya usingizi, kisha ile ya pili. Binti, aliyekuwa na miaka kumi, aliulizwa kama angependa kutoka nje. Alibaki, akiwa amemfunga Pamba katika taulo lilelile la kulishia, na baadaye akauliza daktari kama ni lazima aandike uzito wa siku ile.