Nyumba Imepasuka: Umlipe Nani Aikague?

Tetemeko lililopiga Bukoba, Tanzania, tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa na ukubwa wa 5.9. Nyumba zilizolala chini hazikuhitaji mkaguzi. Kazi ilikuwa kwa zile zilizobaki zimesimama na nyufa, maana kosa la kuamua hapo hulipwa kwa uhai au kwa akiba ya miaka.

Ukaguzi wa bure ni ule wa maofisa wanaopita baada ya maafa. Wapokee, lakini jua wanachotafuta. Mara nyingi wanaandikisha hasara kwa ajili ya misaada. Hata Marekani, ambako tangu 1989 majengo hubandikwa kadi ya kijani, ya njano au nyekundu, ukaguzi wa kwanza huchukua kama dakika 10 hadi 30, na hujibu swali moja tu: watu waingie au wasiingie. Kadi nyekundu yenyewe si amri ya kubomoa. Namna ya kutengeneza haimo humo.

Fundi mwashi naye huja bure au kwa nauli. Mzoefu atatambua lipu iliyopasuka juu juu na ukuta uliokatika. Tatizo ni kwamba anayekagua ndiye anayetarajia kazi. Akisema ziba kwa saruji au bomoa chumba kizima, huna wa kumpima naye. Mimi simpi mtu mmoja kazi zote mbili.

Mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi ni ghali zaidi: unalipia safari, saa kadhaa za kukagua na ripoti yenye sahihi. Ripoti hiyo ndiyo bidhaa unayonunua, kwa hiyo patana kabla hajaja: itaje ukuta gani unabeba paa, nini kishikizwe kwa miti leo, na nini kinaweza kusubiri. Kwa nyumba ya kawaida ya chini, hapa ndipo ningeweka pesa yangu. Kumwita pamoja na majirani wawili watatu hupunguza nauli ya kila mmoja.

Vipimo vya zege ni habari nyingine. Nyundo ya kupimia hugonga uso wa zege na kukisia ugumu wake. Ni rahisi, lakini haijui kilicho ndani. Kutoboa kipande na kukivunja maabara kunatoa jibu la uhakika zaidi, kwa gharama kubwa. Ghorofa linalosimama kwa nguzo linastahili gharama hiyo. Nyumba ya tofali za kuchoma isiyo na nguzo wala mkanda haina sababu ya kulipia kipimo cha zege.

Unapomsubiri mhandisi, kaa nje kama ukuta umeinama, nguzo imeonyesha nondo, au ufa wa mshazari kutoka pembe ya dirisha unapitisha kidole. Kwa nyufa ndogo, paka jasi kidogo juu ya ufa na uandike tarehe. Jasi ikikatika, ukuta bado unatembea, na lipu mpya itakuwa pesa iliyotupwa.

Mwenye bima asome kwanza kama mkataba wake unataja tetemeko na mafuriko. Bima ya moto pekee haitoshi. Mkadiria hasara wa kampuni hakutozi, ila yeye hupima fidia, si usalama wa kulala ndani. Piga picha kila ufa ukiwa na rula pembeni kabla fundi hajagusa chochote.