Je, Wajua? Utafiti Unaoanzia Mlangoni kwa Jirani

Je, wajua kwamba mkazi wa Mukuru, mtaa wa mabanda uliozungukwa na viwanda vya Nairobi, alikuwa akinunua maji na umeme kwa bei ya juu kuliko anayeishi mitaa iliyopimwa ya jiji hilohilo? Jambo hilo lilithibitishwa na utafiti wa Muungano wa Wanavijiji, Akiba Mashinani Trust na wasomi wa vyuo vikuu vya Nairobi na Strathmore. Sababu ni rahisi na inauma: asiye na bomba wala mita hununua kwa mtungi na kwa waya wa mtu wa kati, na mtu wa kati hujipangia bei.

Je, wajua utafiti huo ulifika wapi? Agosti 2017, Kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru kuwa Eneo Maalumu la Mipango. Ujenzi mpya ukasimamishwa kwa miaka miwili ili mpango uandaliwe pamoja na wenyeji wa Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani, zaidi ya kaya 100,000. Mashirika zaidi ya 40 yalijigawa katika makundi manane, mengine yakashika maji, mengine afya, mengine ardhi na sheria. Mjadala mgumu ulikuwa wa upana wa barabara. Vipimo vya kawaida vya mipango miji vingefagia nyumba nyingi mno, kwa hiyo wenyeji wakapima, wakabishana, wakachagua njia nyembamba ili watu wengi zaidi wabaki. Hapo ndipo takwimu zilipofanya kazi yake: mama mwenye kibanda alijua ni nyumba ngapi zitaondoka kwa kila mita ya barabara inayoongezwa.

Lakini je, wajua pia kwamba mwishoni mwa 2021 matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga na kuwaacha maelfu bila makazi, kupisha barabara? Tangazo la 2017 halikuyazuia. Naona ni lazima jambo hilo liandikwe kila panapoandikwa sifa za mpango ule.

Je, wajua kwamba Tandale, Dar es Salaam, ilichorwa ramani mwaka 2011 na wanafunzi wakishirikiana na wakazi? Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliendeleza kazi hiyo katika kata zinazofurika. Wanafunzi na wakazi walirekodi mitaro, vichochoro na majengo, na ramani zikaachwa wazi kwa yeyote kuzitumia.

Je, wajua kwamba Uwezo, tathmini ya kusoma na kuhesabu iliyoanza Kenya mwaka 2009 na kufika Tanzania na Uganda mwaka uliofuata, hufanyika nyumbani na si shuleni? Wazo lilitoka India, kwa shirika la Pratham. Watu wa kujitolea hubisha hodi, humpa mtoto hadithi ya kiwango cha darasa la pili, kisha humweleza mzazi matokeo palepale. Tanzania mwaka 2010, watoto kama 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu waliweza kuisoma hadithi hiyo kwa Kiswahili. Uandikishaji shuleni ulikuwa umepanda sana, na nchi ilikuwa ikiusifia. Baada ya hapo swali likabadilika: wamo darasani, lakini wanajifunza?

Je, wajua kwamba kumwambia mzazi matokeo hakutoshi? Watafiti walifuatilia wazazi wa Kenya waliopewa matokeo ya Uwezo, wakachapisha mwaka 2014 kwamba hawakuona mabadiliko ya maana katika wanayoyafanya kwa elimu ya watoto wao.

Uganda nako kuna funzo lenye pande mbili. Wanakijiji na wahudumu wa vituo vya afya walisomewa taarifa ya hali ya kituo chao, wakakaa pamoja na kuandika nani atafanya nini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliohusu vituo 50, uliripoti vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 kupungua kwa asilimia 33. Ulipokuja utafiti mkubwa zaidi katika vituo 376, huduma iliboreka kiasi, lakini vifo havikupungua. Kwa maoni yangu, huu ndio uhuru wa utafiti: matokeo yaliyopendwa na wengi yanapimwa upya, na jibu chungu linachapishwa vilevile.

Je, wajua kwamba mwaka 2018 Tanzania ilibadilisha Sheria ya Takwimu, ikazuia kuchapisha takwimu zinazopingana na za serikali? Marekebisho ya 2019 yalilegeza vifungu hivyo.

Na haki yako je? Kenya na Tanzania zote zina sheria ya kupata taarifa ya mwaka 2016. Ofisi ya umma Kenya hupewa hadi siku 21 kukujibu, Tanzania siku 30. Huko Tanzania, kila mkazi wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Basi mkutano au baraza lijalo likiitishwa, nenda. Uliza fedha ziliingia kiasi gani, zilitumikaje, na nani mwingine, asiye mtumishi wa ofisi hiyo, amezihesabu.