Ukuta wa pampu zilizokataa

Maboksi ya biskuti, ya sabuni, ya vifaranga vya kuku. Yamekatwa vipande vya ukubwa wa ukurasa wa daftari, yakatobolewa juu na kutungwa kwenye waya unaopita ukutani mwa gereji moja ya Mkolani, Mwanza, kando ya barabara kuu ya Shinyanga. Kila kipande kina doa jeusi la oili chakavu, na ndani ya doa kuna viduara vitupu, vitano, sita, saba, vilivyopangika bila mpangilio unaoeleweka haraka. Chini yake kalamu ya wino imeandika: 4A. 3S. 2L. 1HZ. Kwenye baadhi ya vipande kuna neno moja zaidi, kwa wino mwekundu: IMEKATAA.

Nilifika pale kwa shughuli ya breki za gari la jirani. Breki zikatengenezwa, gari likaondoka, mimi nikabaki naulizia maboksi.

Mwenye gereji hakutaka jina lake liandikwe. Wateja wanamwita Fundi, na hilo linamtosha. Aliniambia kwamba ule ukuta ni wa wotapampu tu. Plagi hana haja ya kuzichora, wala pedi za breki. Pampu ya maji, kwa maelezo yake, ndiyo spea inayodanganya kuliko zote katika gari la zamani: unaitazama dukani unasema ndiyo yenyewe, unaifunga inaingia, bolti zinakubali, gasketi inakaa. Gari linawaka. Tatizo linaanza likishafika Usagara.

Akanionyesha kipande kinavyotengenezwa, kwa kuwa siku hiyo kulikuwa na pampu iliyotoka kwenye Noah. Kwanza alikwangua mabaki ya gasketi kwa wembe, taratibu, ili asichimbe aluminiamu. Kisha akachovya kidole kwenye kopo la oili iliyomwagwa kutoka kwenye injini, akapaka ule uso wa pampu unaokutana na bloku. Kidogo mno. Oili ikizidi inatambaa ndani ya boksi na mistari inavimba, na tundu la milimita 10 linasomeka kama la 8. Akaigeuza pampu, akaiweka juu ya boksi, akapiga goti na kuikandamiza kwa viganja vyote viwili. Kuiinua ndiko kazi yenyewe: inanyanyuliwa wima, bila kuburuzwa hata kidogo. Ilipotoka, uso wote ulikuwa umebaki pale: njia ya maji, ukingo wa gasketi, tundu za bolti.

Halafu zile bolti alizozitoa akazichomeka kwenye boksi lenyewe, kila moja kwenye tundu lake. Ndefu hazifanani na fupi, na fupi zenyewe haziko sawa. Bolti ndefu ikilazimishwa kwenye tundu la fupi, inagonga mwisho kabla haijabana, au inapasua. Spana boi wake alikuwa anazitazama zile bolti kwa makini zaidi kuliko alivyonitazama mimi.

Baada ya hapo ndipo anaandika. Namba ya injini anaitoa kwenye bloku, si kwenye kadi ya gari. Aina ya mkanda: wa V, wa mbavu, au taimingi. Kimo kutoka uso wa pampu hadi kwenye flenji inayobeba puli, kwa vernia. Impela inazama kiasi gani ndani ya bloku, ina kipenyo gani, mapanga mangapi. Na mshale unaoonyesha inazunguka kuelekea wapi.

Huo mshale sikuuelewa. Pampu si inazungushwa na injini tu? Fundi akacheka. Mkanda wa V unaizungusha pampu upande uleule wa injini. Lakini katika mpangilio wa mkanda mmoja mrefu wa mbavu, pampu inaweza kuguswa na mgongo wa mkanda, na hapo inazunguka kinyume. Impela yenye mapanga yaliyopinda ikizungushwa kinyume haisimami, wala haipigi kelele. Inasukuma maji kwa unyonge. Gari likiwa limesimama huoni kitu. Likipakia abiria na kupanda mlima, mshale wa joto nao unapanda.

Vipande vya wino mwekundu ndivyo vilivyonishika. Fundi mwingine angevitupa. Huyu anavitunza pamoja na vile vilivyofanikiwa, na kila kimoja kina sababu pembeni. Kimoja kinasema feni iligusa rejeta. Kingine: impela inakwangua. Kingine: mkanda unalia, flenji imezidi milimita 3. Milimita 3 ni nini? Fundi alichukua rula, akaiegemeza kwenye puli ya kreki na puli ya pampu ya injini iliyokuwa mezani. Puli zikiwa kwenye mstari mmoja, mkanda unapita umenyooka. Moja ikitoka kidogo, mkanda unaingia kwa ubavu, unalia asubuhi, unanyamaza ukipata moto, na beringi ya pampu inakuwa inavutwa kwa upande siku nzima. Ikifa inaondoka na sili, na sili ikiondoka maji yanafuata.

Yote haya yasingehitaji maboksi kama magari yetu yangebaki kama yalivyozaliwa. Kenya imefunga mlango kwa gari la mtumba lililozidi miaka 8; sisi Tanzania tunaliruhusu na kulitoza ushuru wa uchakavu, kisha linaishi hapa miaka mingine mingi. Bodi inadumu kuliko injini. Injini ikifa inanunuliwa nyingine ya mtumba, na hiyo inaweza kuwa ya mwaka mwingine, au imetoka kwenye aina nyingine kabisa ya gari. Toyota wenyewe, kwa jina lilelile la injini, walibadilisha vifaa vya nje mwaka hadi mwaka na bodi hadi bodi, na ndiyo maana katalogi yao inaanza kwa kuuliza namba ya chesisi. Katalogi ni ya kweli. Ila inajibu swali kuhusu gari lililotoka kiwandani Japani, si hili lililosimama Mkolani.

Kwa hiyo Fundi ana utaratibu wake, na ameusema mara nyingi mno kwa wateja hata anausema akiwa amefumba macho. Usiende dukani na kadi ya gari. Nenda na pampu kuukuu mkononi, ikiwa chafu hivyohivyo. Itafute namba kwenye mwili wake: ya Toyota mara nyingi inaanza na 16100, nyingine 16110. Pampu ya AISIN ya gari la Toyota inakuwa na herufi WPT, ya GMB inakuwa na GWT. Namba hizo ukimpa muuzaji anayejua kazi, anaweza kulinganisha kampuni na kampuni. Lakini hata namba zikikubaliana, mwambie afungue boksi. Ziweke mbili juu ya kaunta, uso kwa uso, halafu mgongo kwa mgongo. Pima kimo. Zungusha shafti kwa kidole usikie kama kuna mchanga. Tazama impela kama ni ya chuma kilichomiminwa au bati lililokunjwa, na kama ile kuukuu ilikuwa hivyohivyo.

Na lile tundu dogo chini ya shingo ya pampu, usilizibe. Lipo kwa makusudi. Sili ikianza kuchoka, maji yanatokea pale kwa nje badala ya kuingia kwenye beringi. Ni dalili ya bure. Fundi ameshapokea pampu ambazo tundu hilo limezibwa kwa gundi ya chuma, kazi safi kabisa, na beringi ndani imegeuka kutu.

Nilimuuliza kama mji ulio kando ya ziwa una haki ya kulalamika kuhusu maji. Swali langu halikumfurahisha. Alisema ziwa ndilo sehemu ya tatizo, kwa sababu maji ni rahisi kupatikana na kulanti inanunuliwa. Kondakta anashuka na kidumu, anachota panapopatikana, pengine kisimani, pengine ziwani penyewe, na yanaingia kwenye rejeta na udongo wake na chumvi zake. Kutu inaanza, impela ya bati inaliwa pembezoni, na mchanga unasaga sili. Akaleta impela moja ya zamani. Mapanga yake yalikuwa yamebaki kama meno ya mzee.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hatulifikirii. Uso wa ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Sufuria ya maji Mwanza inachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kinachozuia maji ya rejeta yasichemke mapema ni mfuniko wake, ule wenye maandishi 0.9 au 1.1 juu. Mfuniko unashikilia mgandamizo, na mgandamizo unapandisha kiwango cha kuchemka hadi kupita nyuzi 110. Springi ya mfuniko ikilegea, gari linachemsha, na mwenye gari analaumu pampu. Fundi anaamini pampu nyingi nzima zimetupwa Mwanza kwa kosa la mfuniko. Thamostati nayo mafundi wengi wanaing'oa na kuitupa, eti inaleta joto. Yeye anairudisha. Wengine wanarudi kuitoa kwingine, analijua hilo, ameacha kugombana.

Ana pia nadharia yake kuhusu daraja. Zamani gari la Sengerema au Geita lilikuwa linasimama Kigongo kungoja kivuko, injini inapoa, dereva anakunywa chai, mtu anafungua boneti. Tangu daraja la JP Magufuli lifunguliwe tarehe 19 Juni 2025, kilomita 3 zile zinavukwa kwa dakika chache na safari haina kituo. Anasema anaona pampu nyingi zaidi zinazochoka zikiwa njiani kuliko zamani. Nadharia hiyo ninaiweka hapa kama alivyoisema. Inapendeza, na haijathibitishwa na mtu.

Mchana akaingia dereva wa Hiace, na mfuko wa plastiki mkononi. Injini ya Hiace ile iko chini ya viti vya mbele, na kiti kilikuwa tayari kimeinuliwa tangu asubuhi. Ndani ya mfuko kulikuwa na pampu mpya kwenye boksi lake, iliyonunuliwa mjini kwa kufuata kadi ya gari.

"Shikamoo Fundi. Nimeipata, na namba ni yenyewe."

"Marahaba. Namba ya nani, mwanangu? Ya gari au ya pampu uliyoitoa?"

Dereva akanyamaza. Fundi akaziweka mbili pamoja, akashusha vipande vinne vya 2L kutoka kwenye waya, akavilaza sakafuni kimoja baada ya kingine. Tundu zote ziliingiana na za kipande cha pili. Kisha akachukua vernia. Flenji ya pampu mpya ilikuwa fupi kwa milimita 4.

"Mwaka wa bodi si mwaka wa injini," alisema. "Kairudishe."

Haikuwa rahisi hivyo. Duka lile, kama maduka mengi ya spea, limebandika kibao: mali ikishatoka haibadilishwi. Dereva alimpigia simu tajiri wake. Tajiri alitaka kujua hesabu ya leo italetwa na nani, halafu akatoa amri ambayo sote tuliisikia: wekeni washa nyuma ya puli, gari litembee.

Washa zinaweza kuirudisha puli kwenye mstari, Fundi hakukataa hilo. Alichokataa ni kuziweka yeye. Puli inakaa katikati kwa kushikwa na kitovu cha flenji. Ukiisogeza mbele kwa washa, kitovu hakiifikii vizuri, bolti zinashika nyuzi chache, na feni nzima inaanza kuyumba kidogo. Kuyumba huko kunaweza kukata shafti na kuitupa feni kwenye rejeta. Dereva alisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kisha akasema kwamba kuna fundi mwingine Buhongwa atakayeziweka kwa nusu saa.

Spana boi, ambaye alikuwa akipiga picha vile vipande vinne kwa simu na rula pembeni, aliuliza kwa nini muuzaji asitumiwe hizo picha kabla mtu hajatoa hela. Fundi alimjibu kwamba picha haina kimo. Kijana akasema kimo si kimeandikwa chini? Fundi hakumjibu. Nilidhani angeendelea, lakini alianza kutafuta kitu mwisho wa waya.

Alirudi na kipande cha zamani, boksi limepauka. Doa lake ni la 2L, flenji imeandikwa fupi milimita 4, na pembeni kumeandikwa: washa tatu. Hakikuwa na wino mwekundu. Lilikuwa ni gari la mteja aliyeziwekesha kwingine, akaja kwake baadaye kwa shida ya klachi. Pampu ile Fundi aliiacha ilivyo.

"Inatembea mpaka leo, naiona hapo Nyegezi," alisema, akimwonyesha dereva na mimi kwa pamoja. "Mwaka wa pili huu. Sasa hapa niandike nini?"