Azimio, Upambanuzi na Idadi ya Pikseli: Juu ya Istilahi za Uwezo wa Kamera

Miongoni mwa maneno yanayoingia katika nyaraka za ununuzi na vitabu vya mafunzo bila kupimwa, limo neno "azimio" kwa maana ya uwezo wa kamera kuonyesha vitu vidogo. Chanzo chake si kigumu kukisia. Neno la Kiingereza lina maana mbili, na mfasiri ameichukua ile ya mkutanoni akaipachika kwenye picha. Kwa msomaji wa Tanzania azimio ni jambo lililopitishwa na watu baada ya kushauriana, na la kwanza kumjia akilini ni Azimio la Arusha la mwaka 1967. Kamera haiazimii kitu. Yafaa basi tuieleze dhana yenyewe, ndipo tuitafutie jina.

Kamera tunayoizungumzia ni ile ya kidijiti, yenye lenzi moja na kioo ndani yake. Mwanga hupita katika lenzi, hugonga kioo kilichoinamishwa kwa nyuzi 45, hupanda hadi kwenye mche ulio juu, kisha hutokea penye jicho la mpiga picha. Kitufe kibonyezwapo, kioo hunyanyuka, pazia hufunguka, na mwanga huangukia kihisio, yaani bamba lenye mamilioni ya vipokea mwanga. Hapa pia mfasiri ajihadhari: neno la kigeni linalotaja kioo hicho hutumiwa na wanabiolojia kwa mshtuko wa mwili usio wa hiari, nalo halihusiki hata kidogo. "Kamera akisi ya lenzi moja" yatosha.

Sasa tuchukue mfano wa kazi halisi. Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyo kusini ya mji wa Mpanda, inajulikana kwa viboko wanaosongamana wakati wa kiangazi katika madimbwi machache yanayosalia ya mto Katuma. Kuwahesabu kwa macho ni taabu: hulaliana, huzama, na mara nyingi kinachoonekana ni masikio na mgongo tu. Ndiyo sababu picha kutoka angani huwa msaada mkubwa. Tuseme ndege inaruka mita 100 juu ya ardhi, na kamera yenye lenzi ya milimeta 50 inaelekezwa chini wima. Kihisio chenye upana wa milimeta 36 kitapiga eneo lenye upana wa mita 72.

Kamera ya Nikon D700, iliyotoka mwaka 2008, ina pikseli 4256 kwa upana, na kila moja itachukua milimeta 17 hivi za ardhi. Nikon D850 ya mwaka 2017 ina pikseli 8256, na kila moja itachukua milimeta 9 hivi. Jumla ya pikseli imepanda kutoka milioni 12 hadi milioni 45, karibu mara nne, lakini upana wa ardhi unaochukuliwa na pikseli moja umepungua kwa nusu tu. Mnunuzi anayeambiwa kwamba "azimio ni mara nne" hupotoshwa, na fedha anazolipia ni za umma.

Haya bado ni mahesabu ya kamera iliyotulia. Ndege iendayo kilomita 180 kwa saa husogea mita 50 kila sekunde. Pazia likifunguka kwa sehemu moja ya 500 ya sekunde, picha itaburuzwa sentimeta 10, nayo hizo pikseli milioni 45 hazitatenganisha sikio la kiboko na jirani yake. Likifunguka kwa sehemu moja ya 2000, mburuzo ni sentimeta 2 na nusu. Lakini muda mfupi huingiza mwanga kidogo, na kihisio kikilazimishwa kuukuza mwanga hafifu hutoa zile doadoa ambazo watu wetu, tangu siku za televisheni za antena, huziita chenga. Neno hili liko vinywani mwa watu na lina maana iliyo wazi. Sioni sababu ya kulibuni jingine. Lenzi duni, vumbi na hewa moto ipandayo kutoka ardhini navyo huharibu picha bila kupunguza hata pikseli moja.

Kwa hiyo dhana ni mbili, na kila moja idai jina lake. Ile ya kuhesabika iitwe "idadi ya pikseli". Neno "kitone" lililopendekezwa na baadhi ya wenzetu lina kazi tayari kwa wapiga chapa. Ile ya pili, uwezo wa kuonyesha vitu viwili vilivyokaribiana kuwa ni viwili, napendekeza iitwe "upambanuzi". Kupambanua ni kutambua hiki na kile, na mwalimu wa sayansi ataweza kulitumia neno hilo hilo kwa hadubini na darubini. "Ukali" tuuachie mazungumzo ya kawaida, kwa kuwa hupimwa kwa jicho tu.

Hati ya zabuni ingeweza basi kuandikwa hivi: "Kamera iwe na pikseli zisizopungua milioni 45, nayo, ikipiga kutoka mita 100 juu katika ndege iendayo kilomita 180 kwa saa, iwe na upambanuzi wa sentimeta 5 mchana wa jua. Mzabuni aonyeshe picha za majaribio."