Bohari ya Makaa na Mamlaka ya Bandari: Vituo vya Makaa ya Mawe vya Manowari za Ulaya kutoka Maskati hadi Rufiji, 1862–1916

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna mataifa ya Ulaya yalivyopanga vituo vya makaa ya mawe kwa ajili ya manowari zao katika bandari ambazo hazikuwa zao. Matukio mawili yanachunguzwa: mgogoro wa Bandar Jissah katika Usultani wa Maskati (1898–1900) na hatima ya manowari ya Kijerumani Königsberg katika delta ya Rufiji (1914–1915). Hoja kuu ni kwamba kituo cha makaa hakikuwa ghala tu, bali muungano wa mambo matatu: shehena, idhini na nguvukazi. Lilipokosekana moja, mawili yaliyosalia hayakutosha. Aidha, makala yanabainisha kwamba mtawala wa bandari aliombwa idhini kana kwamba ni yake kuitoa, lakini alipoitoa kwa asiyetakiwa, alinyang'anywa.

1.0 Utangulizi

Kwa mtafiti anayeandika akiwa Sokon I, chini ya Mlima Meru, suala la makaa ya manowari linaweza kuonekana kuwa la watu wa pwani pekee. Hata hivyo, mwezi Machi 1916 majeshi ya Kijerumani yalipigana na majeshi ya Uingereza huko Kahe, kusini mwa Moshi, yakitumia mzinga wa sentimita 10.5 ulioundwa kwa ajili ya sitaha ya meli. Kabla ya kurudi nyuma, Wajerumani waliulipua mzinga huo wenyewe. Mzinga wa baharini ulifikaje katika nyika za Kilimanjaro? Jibu fupi ni kwamba meli yake ilikosa mahali pa kupata makaa kwa uhakika. Jibu refu ndilo kiini cha makala haya.

Historia ya ukoloni katika Afrika Mashariki imezoea kuanzia ardhini: mikataba ya machifu, mashamba, kodi na vita vya upinzani. Makala haya yanaanzia gatini. Lengo si kudogosha yaliyotokea bara, bali kuonesha kwamba mamlaka ya wenyeji yalijaribiwa pia katika jambo lililoonekana dogo, yaani haki ya kuhifadhi rundo la makaa ufukweni.

2.0 Kituo cha makaa: maana na mantiki yake

Kwa karne nyingi usafiri katika Bahari ya Hindi uliongozwa na pepo za msimu. Jahazi lilishuka kutoka Arabuni kwa kaskazi na kurejea kwa kusi. Nahodha alilazimika kungoja, lakini upepo haukuwa na mwenyewe. Hakuna aliyehitaji mkataba ili autumie. Meli ya mvuke iliondoa kungoja huko, ila ilileta utegemezi mpya. Ilikwenda wakati wowote na kuelekea popote, mradi tu mbele yake kuwe na mahali penye makaa. Kwa maana hiyo, injini ilimwachisha nahodha kutegemea msimu na kumfanya ategemee bohari.

Mabadiliko haya yalifika pwani yetu kwa kasi. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na mwaka 1872 kampuni ya British India ilianza kuendesha huduma ya barua kati ya Adeni na Zanzibar. Lugha ya Kiswahili yenyewe imehifadhi kumbukumbu ya kipindi hicho. Neno "meli" lilitokana na neno la Kiingereza la barua, kwa kuwa stima iliyobeba barua ndiyo iliyokuwa meli. Na "manowari" ni jina la Kiingereza la chombo cha vita lililovikwa matamshi ya Kiswahili.

Uingereza ilikuwa ya kwanza kuligeuza suala la makaa kuwa sera ya dola. Tume ya Kifalme iliyoongozwa na Lord Carnarvon kati ya 1879 na 1882 ilichunguza ulinzi wa njia za biashara na kusisitiza kuimarishwa kwa vituo vya makaa. Miongoni mwa vilivyohusika ni Adeni, Trincomalee, Singapuri, Morisi na Simon's Bay katika Rasi ya Tumaini Jema. Mantiki yake ilikuwa rahisi: manowari isiyo na makaa ni lengo la mizinga lililotia nanga, kwa hiyo anayemiliki makaa hahitaji kuimiliki bahari nzima. Inatosha amiliki vituo, kisha awazuie wengine wasipate vyao.

Kituo kilihitaji mambo matatu. La kwanza ni shehena. Makaa bora kwa manowari yalitoka Wales, hivyo kila tani iliyochomwa katika Bahari ya Hindi ilikuwa imesafirishwa na meli nyingine iliyochoma makaa pia. La pili ni idhini. Pale ambapo bandari haikuwa koloni, ilibidi mtawala wake akubali. La tatu ni nguvukazi. Makaa yalibebwa kwa magunia na makapu, kutoka mashua hadi bohari na kutoka bohari hadi tumbo la meli. Kazi hiyo ilikuwa ya mahamali.

Jambo hili la tatu halijapewa uzito unaostahili. Katika bandari ya Zanzibar, Uingereza iliiegesha manowari kuukuu London kuanzia 1874 hadi 1883 ili iwe kambi ya mashua za kusaka majahazi ya watumwa. Soko la watumwa lilifungwa kwa mkataba wa 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa kisheria Zanzibar hadi 1897. Katika kipindi hicho, sehemu kubwa ya mahamali wa mjini walikuwa watumwa waliokodishwa, ambao waligawana ujira wao na mabwana zao. Hivyo, jeshi lililopambana na biashara ya watumwa baharini lilifanya kazi katika bandari ambayo mizigo yake ilibebwa kwa mabega ya watumwa. Anayetaka kuandika historia ya vituo vya makaa kwa kutumia mikataba pekee ataukosa ukweli huu.

3.0 Bandar Jissah: idhini iliyotolewa na kupokonywa

Tarehe 10 Machi 1862 Uingereza na Ufaransa zilitoa tamko la pamoja kwamba zingeheshimu uhuru wa masultani wawili, wa Maskati na wa Zanzibar. Dola hizo mbili zilikuwa zimetenganishwa mwaka uliotangulia kwa uamuzi wa Lord Canning, ambao uliitaka Zanzibar iilipe Maskati riale 40,000 kila mwaka. Baadaye serikali ya Uingereza nchini India ilibeba jukumu la kulipa ruzuku hiyo. Malipo yaliyoanza kama haki baina ya ndugu yakawa hatamu mikononi mwa mtu wa tatu.

Nusu ya ahadi ya 1862 haikudumu hata miaka thelathini. Mwaka 1890 Ufaransa iliitambua himaya ya Uingereza juu ya Zanzibar, nayo Uingereza ikaitambua himaya ya Ufaransa juu ya Madagaska. Mwaka 1891 Sultani wa Maskati, Faisal bin Turki, mjukuu wa Said bin Sultan, alitia saini ahadi ya siri kwamba yeye na warithi wake hawatauza wala kutoa sehemu yoyote ya nchi yao isipokuwa kwa Uingereza. Kwa maandishi ya hadharani Faisal alikuwa mtawala huru. Kwa maandishi ya siri alikuwa amefungwa.

Mwezi Machi 1898, Faisal aliikubalia Ufaransa kuwa na kituo cha makaa huko Bandar Jissah, ghuba ndogo yenye kinga nzuri kusini mashariki mwa Maskati. Kwa Ufaransa, jambo hilo halikuvunja chochote. Uingereza tayari ilikuwa na bohari yake ya makaa Maskati; kama bohari ya mmoja haikuathiri uhuru wa Sultani, kwa nini ya mwingine iathiri? Kwa Uingereza, palikuwa na tofauti kati ya kukodi banda katika bandari ya Sultani na kupewa ghuba nzima inayoweza kuwekewa mizinga. Wakati huohuo mataifa haya mawili yalikuwa yamenusurika kupigana huko Fashoda, Sudani, mwishoni mwa 1898.

Mapema 1899, Lord Curzon akiwa gavana mkuu mpya wa India, Faisal alitakiwa kuifuta idhini hiyo. Ruzuku ya Zanzibar ikawa miongoni mwa silaha za kumshinikiza. Tarehe 16 Februari 1899, manowari za Uingereza zikiwa mbele ya jumba lake, Sultani aliamriwa kupanda katika manowari Eclipse, la sivyo jumba lingepigwa mizinga. Alikwenda, na idhini ikafutwa hadharani. Tishio hilo halikuwa maneno matupu masikioni mwake. Miaka miwili na nusu tu kabla, tarehe 27 Agosti 1896, jumba la jamaa zake mjini Zanzibar lilibomolewa na manowari za Uingereza kwa muda usiozidi saa moja.

Serikali ya London iliona haya kwa namna tishio lilivyotolewa, lakini haikurudisha kilichofutwa. Suluhu ilipatikana mwaka 1900: Ufaransa ilipewa nafasi ya kuweka makaa yake katika ghuba ndogo ya Makalla, Maskati, kando ya bohari ya Waingereza. Kwa lugha ya kidiplomasia hayo yalikuwa maafikiano. Ufaransa ilipata makaa na Uingereza ikapata uhakika kwamba makaa hayo yangekaa chini ya jicho lake. Faisal peke yake ndiye aliyeondoka na kidogo kuliko alichokuja nacho, kwani kila mtu bandarini alikuwa ameona kwamba neno lake juu ya ufuo wake halikuwa la mwisho.

4.0 Königsberg: shehena bila kituo

Ujerumani ilijifunza somo hilo kwa uchungu. Dar es Salaam ilikuwa na bandari nzuri, karakana na gati la kuelea la kukarabatia meli, na Deutsche Ost-Afrika-Linie, iliyoanzishwa Hamburg mwaka 1890, ilileta stima zake mara kwa mara. Lakini bandari haikuwa ngome. Ndiyo maana Königsberg, manowari yenye mizinga kumi ya sentimita 10.5, iliondoka Dar es Salaam tarehe 31 Julai 1914, kabla ya vita kutangazwa, ili isifungiwe ndani. Mwanzoni mwa Agosti Wajerumani wenyewe walilizamisha gati la kuelea katika mlango wa bandari ili kuwazuia Waingereza. Kwa kufanya hivyo walifunga pia mlango wa manowari yao.

Kuanzia hapo nahodha wake, Max Looff, aliishi kwa kuombea makaa. Tarehe 6 Agosti aliikamata meli ya Kiingereza City of Winchester, akachota makaa yake katika visiwa vya Khuriya Muriya, kisha akaizamisha. Ni vyema kukumbuka kwamba visiwa hivyo vilitolewa kwa Uingereza na Said bin Sultan mwaka 1854. Stima Somali ya kampuni ya Hamburg ilimfuata na shehena zaidi. Alijaribu bahati Majunga, Madagaska, bila mafanikio.

Bandari za nchi zisizopigana nazo hazikumfaa. Mkataba wa Den Haag wa 1907 uliruhusu manowari ya nchi iliyo vitani kuchukua katika bandari ya namna hiyo makaa ya kuifikisha bandari ya karibu ya nchi yake tu, na kutorudi kuchukua tena katika bandari za nchi ileile kabla ya miezi mitatu. Msumbiji ya Wareno ilikuwa bado nje ya vita. Waingereza wakanunua makaa yaliyokuwapo Beira. Hawakuhitaji kuyachoma. Walihitaji yasichomwe na mwingine.

Septemba 1914 Königsberg ilijificha katika delta ya Rufiji. Tarehe 20 mwezi huo ilitokea Zanzibar na kuishambulia manowari Pegasus, iliyokuwa imesimama ikitengenezwa mitambo, kisha ikarudi mikokoni. Ilipogunduliwa mwishoni mwa Oktoba, Waingereza waliichoma Somali kwa mizinga, na Novemba wakaizamisha meli yao wenyewe ya makaa, Newbridge, katika mojawapo ya milango ya delta ili kuuziba. Aprili 1915 stima Rubens, iliyojibadili kuwa ya Kidenmarki, ilifika karibu na Tanga ikiwa na makaa ya kuirudisha Königsberg Ujerumani. Ilishambuliwa na manowari Hyacinth katika ghuba ya Mansa. Silaha na risasi nyingi ziliopolewa. Makaa hayakufika Rufiji. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg iliangamizwa palepale ilipojificha.

Hapa nguvukazi inarejea. Vipuri vya mitambo ya Königsberg vilikuwa vimekokotwa na vibarua wa Kiafrika kutoka delta hadi karakana ya Dar es Salaam na kurudishwa. Baada ya meli kuangamia, mizinga yake iliopolewa, ikafungiwa magurudumu na kuvutwa na wapagazi hadi bara. Mmoja wao ndio uliofika Kahe. Makaa yaliposhindwa kuisogeza meli, mabega ya watu yalisogeza mizinga yake.

5.0 Mjadala

Matukio haya mawili yanakamilishana. Maskati, makaa yalikuwapo na wabebaji walikuwapo. Kilichogombewa ni idhini. Rufiji, Ujerumani ilikuwa na koloni zima, hivyo idhini haikuwa tatizo, na wabebaji walilazimishwa. Kilichokosekana ni shehena na bahari ya kuipitishia. Kwa hiyo, kumiliki pwani hakukuwa sawa na kumiliki kituo, kama ambavyo kuwa Sultani hakukuwa sawa na kuimiliki bandari.

Tofauti yao nyingine ni ya kimaadili. Katika mvutano wa Wazungu wenyewe, sheria ilikuwa na nafasi: mabishano ya Ufaransa na Uingereza juu ya bendera walizopewa wenye majahazi wa Suri yalipelekwa mbele ya wasuluhishi huko Den Haag, na uamuzi ukatolewa mwaka 1905. Faisal hakupewa fursa hiyo juu ya Bandar Jissah. Wala hapakuwa na mahali pa kupeleka shauri la mpagazi.

6.0 Hitimisho

Enzi ya makaa ilikwisha mafuta yaliposhika nafasi, na mabanda ya Makalla hayana tena kazi iliyoyajenga. Swali lililoyazunguka halijakwisha. Mwaka 2023 Watanzania walijadili kwa hisia kali makubaliano kati ya nchi yao na Dubai kuhusu bandari. Makala haya hayalinganishi makubaliano ya Bunge na amri iliyotolewa chini ya midomo ya mizinga. Ni mambo ya asili tofauti. Yanachopendekeza ni kipimo. Kila unapoandikwa mkataba wa bandari, inafaa kuuliza maswali matatu: nani analeta shehena, nani anaweza kuikataa idhini baada ya kuitoa, na mzigo unabebwa na mabega ya nani? Faisal bin Turki angeweza kujibu la kwanza bila shida. Ni la pili lililomfikisha kwenye sitaha ya Eclipse.