Kuimarisha Hoja: Si Kila Jambo la Kweli ni Ushahidi

Swali la insha katika Karatasi ya Tatu huwa na alama 20. Likisema "thibitisha" au "tetea kauli hii", mtahini hataki usimulie hadithi nzima. Anatafuta mambo yanayoifanya kauli iaminike zaidi. Watahiniwa wengi hupoteza alama kwa kuandika mambo ya kweli yasiyoimarisha chochote.

Tuanze na mfano wa nyumbani. Dai: Uingereza ilipopiga marufuku miraa mwaka wa 2014, wakulima wa Meru waliumia. Ukiongeza kwamba miraa hukuzwa Igembe na Tigania, umesema kweli, lakini dai limebaki palepale. Ukisema Uingereza ilikuwa soko kubwa la miraa hiyo, dai limepata nguvu, kwani umeonyesha jinsi marufuku ya ng'ambo ilivyoufikia mfuko wa mkulima.

Sasa tugeukie tamthilia ya Kigogo yake Pauline Kea.

Kauli: "Majoka analifunga soko la Chapakazi kwa manufaa yake mwenyewe." Ni jambo lipi linaloiimarisha zaidi?

(a) Soko ni chafu.
(b) Ashua anakosa chakula cha watoto wake.
(c) Majoka ananuia kujenga hoteli ya kifahari mahali pa soko.

Jambo (a) linaidhoofisha kauli, maana linampa Majoka kisingizio. Jambo (b) linaonyesha hasara ya raia. Hasara ya mmoja pekee haithibitishi faida ya mwingine. Jibu ni (c): linafichua nia yake.

Usiishie hapo. Jiulize, anayeipinga kauli hii angesema nini? Angesema soko limefungwa kwa sababu ya uchafu. Mzibie njia: wachuuzi wanatozwa kodi, ilhali soko halisafishwi. Kama taka ndiyo shida, lingesafishwa na kufunguliwa, wala si kugeuzwa hoteli. Hoja ya namna hii ndiyo inayopata alama kamili.

Zoezi

Kauli: "Tunu ni mtetezi jasiri wa haki." Chagua linaloiimarisha zaidi, kisha eleza kwa nini mengine hayatoshi.

(a) Tunu ni rafiki wa Sudi.
(b) Tunu anaendelea na harakati hata baada ya kuvamiwa na kuumizwa mguu.
(c) Majoka hampendi Tunu.